Mwanafunzi amelalamika, jibu liko wapi?

Muhula wa pili una sifa yake katika shule za bweni za Kenya. Ni mrefu, unaangukia miezi ya baridi, una mitihani ya majaribio, na kufikia katikati yake karo nyingi huwa bado hazijalipwa. Juni ikiingia, minong'ono huanza mabwenini, walinzi huongezwa, masanduku ya wanafunzi hupekuliwa, na mwalimu mkuu hulala na simu kando ya mto. Tumeyazoea haya kiasi cha kuyaona sehemu ya kalenda ya masomo. Hayafai kuzoeleka, na ninaamini sehemu kubwa ya tiba yake imo mikononi mwa kiongozi wa shule, miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiria kiberiti.

Historia yetu inatisha. Julai 1991, katika Shule ya St Kizito kule Meru, wavulana walipanga mgomo na wasichana wakakataa kujiunga nao. Usiku wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na wengine zaidi ya 70 walibakwa. Kwa taarifa za wakati ule, mgomo ulitokana na ada ya mashindano ya michezo ambayo shule haikuwa imelipa. Ukatili waliotendewa wasichana wale una mizizi mirefu kuliko ada yoyote, na hakuna kikao cha mwalimu mkuu ambacho kingetosha kuing'oa. Lakini mgomo wenyewe ulibeba swali ambalo lingejibiwa gwarideni asubuhi moja tu: kwa nini pesa za michezo hazijalipwa, na zitalipwa lini?

Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto wakiwa wamefungiwa katika vyumba vyao vya kulala. Machi 2001, kule Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini katika moto uliowashwa kwa makusudi. Mwaka huohuo jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilitoa ripoti kuhusu nidhamu na ghasia shuleni, na miongoni mwa mengi iliyoyataja ni uongozi wa kimabavu na kukosekana kwa mawasiliano kati ya wasimamizi na wanafunzi. Mwaka 2008 wimbi jingine la migomo lilipita, na kamati ya Bunge ikachunguza. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa, na uchunguzi mwingine ukafanywa. Atakayezisoma ripoti hizi kwa kufuatana atashangaa jinsi zinavyorudia mambo yaleyale.

Kuna jibu ambalo husikika kila mara ghasia zinapozuka: watoto wa siku hizi wameharibika. Wazazi wamewaachilia, simu zimewapotosha, na kiboko kilichopigwa marufuku mwaka 2001 kimeacha pengo. Sipuuzi hofu ya walimu wanaosema hivyo. Wengi wao wanasimamia mamia ya vijana kwa mishahara isiyotosha, na dawa za kulevya zimefika hadi nyuma ya ua la shule. Ila tukumbuke kwamba viranja wa Nyeri na wasichana wa St Kizito walikufa wakati kiboko kilikuwa halali. Kiboko hakikuzuia chochote.

Ninavyoona, shule zetu zimejifunza kusikiliza lakini hazijajifunza kujibu. Vyombo vya kusikiliza vipo. Tangu 2009, kwa mpango uliosaidiwa na UNICEF, shule za upili zilianza kuacha mtindo wa viranja walioteuliwa na walimu na kuwa na mabaraza ya wanafunzi yaliyochaguliwa kwa kura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitaka bodi ya usimamizi ikuze utamaduni wa mazungumzo na uongozi wa kidemokrasia shuleni, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi ana nafasi katika bodi hiyo. Shule nyingi zina sanduku la maoni ukutani. Nyingine huitisha kamukunji, wanafunzi wakakaa na mkuu wao wakaeleza yaliyo moyoni. Baada ya hapo, kimya. Barua zilizotumbukizwa sandukuni hazijulikani zilikoenda. Yaliyosemwa kwenye kamukunji yameandikwa daftarini, na daftari limewekwa kabatini. Wiki ya tatu mwanafunzi aliyesimama mbele ya wenzake akasema maharagwe yana wadudu anaona bado yana wadudu, na hakuna aliyemweleza lolote.

Kimya hicho kinamfundisha jambo. Mtafiti Elizabeth Cooper, ambaye mwaka 2022 alichapisha kitabu kizima kuhusu uchomaji wa shule nchini Kenya, anaeleza kwamba kwa wanafunzi wengi moto ni njia waliyoiona ikifanya kazi: ukiwaka, maafisa wa elimu wanakuja, bodi inakutana, mzazi anaitwa, waziri anazungumza. Kijana aliyeandika barua mara kadhaa bila kujibiwa analinganisha njia hizo mbili. Hesabu anayofikia ni ya kuogofya, na sitamtetea anayewasha moto mahali wenzake wamelala. Lakini njia ile nyingine ilikuwa wajibu wa watu wazima kuijenga, na hawakuijenga.

Kujibu maana yake nini? Chukua suala la chakula, kwa kuwa ndilo huibuka kwanza karibu kila shule. Tuseme kipande cha mkate cha asubuhi kimeondolewa. Wanafunzi wanaamini bursa ameuza unga au mkuu amejinunulia gari. Ukweli, mara nyingi, ni kwamba mgao wa serikali haujafika. Tangu 2018 serikali iliahidi kulipia kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma Sh22,244 kwa mwaka, na kila mkuu wa shule anajua jinsi fedha hizo zinavyochelewa na kukatwakatwa, ilhali mwenye duka la jumla anadai. Mkuu analificha jambo hili kwa sababu anaona aibu kusema shule imeishiwa, au anahofia wakubwa wake watadhani anailaumu serikali. Kwa hiyo anawaacha watoto na uvumi. Angewaita, akawaonyesha ubaoni kilichoingia na kilichotoka, akawaambia mkate utarudi mgao ukifika na kwamba tarehe fulani atasimama tena hapo kuwaeleza, hata kama mgao haujafika, angepoteza nini? Vijana wa kidato cha tatu wanafundishwa hesabu za biashara. Wanaweza kuelewa salio.

Hilo la kusimama tena tarehe iliyotajwa ndilo gumu zaidi, na ndilo lenye uzito. Ahadi ya kwamba jambo linashughulikiwa, bila siku, haina thamani mbele ya mtu aliyewahi kudanganywa. Mkuu anayerudi siku aliyosema, akiwa na habari mbaya, anaaminika kuliko anayetoa habari njema mara moja na kutoweka.

Kujibu ni pamoja na kukataa. Hapa ndipo wakuu wengi wanaponielewa vibaya ninapozungumza nao, wakidhani ninawashauri wawape wanafunzi kila wanachodai. La. Kuna madai yanayofaa kukataliwa papo hapo: kufutwa kwa mtihani wa majaribio kwa sababu tu darasa halijajiandaa, simu bwenini, uvumilivu kwa wizi wa mitihani. Mwaka 2016 serikali iliongeza urefu wa muhula wa pili na kupiga marufuku ziara za wazazi katika muhula wa tatu ili kuzuia udanganyifu kwenye mtihani wa KCSE. Mkuu wa shule hakuwa na uwezo wa kubadilisha agizo hilo. Alikuwa na uwezo wa kulieleza, na wa kukubali waziwazi kwamba litawaumiza watoto ambao wangependa kumwona mama kabla ya mtihani. Shule nyingi zililisoma agizo gwarideni na kuwatawanya wanafunzi madarasani. Mtu anaweza kubeba katazo zito ikiwa amepewa sababu yake na ameruhusiwa kulihuzunikia.

Yako pia malalamiko yasiyongoja kikao chochote. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Usiku wa Septemba 5, 2024, wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambamo walilala watoto zaidi ya 150. Sizungumzii hapa chanzo cha moto ule. Ninasema tu kwamba mtoto akilalamika bweni limejaa au mlango umepigwa kufuli usiku, jibu lake ni jioni hiyohiyo, na kufuli lenyewe kuondolewa mkuu akitazama.

Wakuu wengine hutegemea majasusi. Kila darasa lina kijana anayepewa upendeleo ili alete habari. Naelewa kishawishi hicho, maana mtu mwenye dhamana ya roho za watoto 800 anataka kujua kinachopikwa. Lakini wanafunzi hawachukui muda kumtambua msaliti, na tangu siku hiyo kila aliye karibu na ofisi anatiliwa shaka, wakiwemo viongozi waliowachagua wenyewe kwa kura. Baraza la wanafunzi likishageuzwa masikio ya naibu mkuu, haliwezi tena kuwa sauti ya mtu yeyote. Nyeri 1999 ilitufundisha kwamba kiranja anayeonekana kuwa askari wa walimu anabeba hasira isiyomhusu.

Ugomvi wa wanafunzi kwa wanafunzi unastahili subira zaidi ya ile tunayoupa. Wavulana wawili wamepigana kwa sababu ya blanketi lililopotea. Utaratibu uliozoeleka ni kuwaita wote wawili, kuwapa adhabu sawa ya kulima au kufyeka, na kuwatuma nyumbani kuleta wazazi. Mzazi anatoka Kitui hadi Kakamega kwa nauli ya kukopa, anasikiliza dakika tano, anatia sahihi, anarudi. Blanketi bado halijapatikana. Mwalimu wa ushauri nasaha, kama angekuwa na saa moja bila kipindi, angewakalisha wale vijana, amsikilize kila mmoja bila kukatizwa, aulize nani ameumizwa na kwa namna gani, kisha awaache wao wapendekeze cha kurekebisha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zihimize upatanisho na usuluhishi. Jambo linalofaa kwa wenye mashamba na kampuni halishindwi kufaa kwa watoto wa shule. Tatizo ni kwamba mwalimu wa ushauri katika shule nyingi ana mzigo kamili wa vipindi, na ushauri anaufanya wakati wa chai. Mkuu wa shule hapangi sera ya nchi, lakini ratiba anaipanga yeye. Vipindi sita vikiondolewa kwa mwalimu huyo kila wiki, ugomvi mwingi utamalizika kabla ya kufika ofisini.

Nimewazungumzia wanafunzi kwa urefu. Chumba cha walimu nacho kina moto wake, na kwa sasa hakuna mahali unapowaka zaidi kuliko katika sekondari msingi. Januari 2023 serikali iliweka Gredi ya 7, ya kwanza ya sekondari msingi, ndani ya shule za msingi, chini ya walimu wakuu wa shule hizo. Walioletwa kufundisha ni vijana wenye diploma na shahada, wengi wao wakiwa wanagenzi wa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ambao Mei 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu. Aliyewapokea ni mwalimu mkuu aliyeingia kazini kwa cheti, aliyesomea ualimu wa darasa, na ambaye hakuulizwa kama anataka kusimamia maabara. Walimu hawa wa sekondari msingi wanadai uongozi wao wenyewe. Walimu wa msingi nao wanahisi wanadharauliwa na vijana waliowakuta kazini.

Mtu akipita katika baadhi ya shule hizi ataona mgawanyiko kwa macho. Kuna meza mbili, vikundi viwili vya chai, vikundi viwili vya WhatsApp. Mwalimu wa sayansi anaomba kemikali, anaambiwa hakuna pesa, na anajua kwamba serikali imepanga Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Anahitimisha kwamba pesa zake zimejenga ofisi ya mtu. Mwalimu mkuu, kwa upande wake, anaona kila swali kuhusu fedha kuwa jaribio la kumpindua.

Suala la uhuru wa sekondari msingi litaamuliwa na Wizara ya Elimu, Bunge na Tume ya Huduma ya Walimu (TSC). Mwalimu mkuu hawezi kulimaliza, na anapojaribu kulishinda kwa ukali analizidisha. Yapo hata hivyo mambo mengi yaliyo chini ya kalamu yake. Anaweza kuwaonyesha walimu wa sekondari msingi kiasi kilichoingia kwa ajili ya wanafunzi wao na kilichobaki. Anaweza kumwachia mmoja wao, aliyechaguliwa na wenzake, kupanga ratiba na kupokea vifaa vya maabara kwa sahihi yake. Anaweza kukiri hadharani kwamba kemia ya Gredi ya 9 haijui na kwamba hatajifanya anaijua, kisha akawataka nao wamheshimu kwa miaka 25 aliyoitumia kujua jinsi mtoto anavyojifunza kusoma. Nimewaona walimu wakuu waliofanya hivyo. Shule zao bado zina kutoelewana, lakini kazi inaendelea na walimu wanasalimiana.

Wazazi na jamii huja na migogoro mizito zaidi, kwa sababu mara nyingi inagusa imani. Mwaka 2014, katika Shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, suala la kama wasichana Waislamu wavae hijabu na suruali pamoja na sare lilizua mvutano uliofika mahakamani, kanisa mfadhili upande mmoja na mzazi upande mwingine. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2016 kwa upande wa wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa misingi ya utaratibu, bila kumaliza swali lenyewe. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza shule. Mwaka huohuo wa 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule moja ya upili Nairobi ilikosea kumfukuza mtoto wa Kirastafari kwa sababu ya nywele zake. Sheria ina nafasi yake, na haki nyingine haziwezi kupatikana isipokuwa kortini. Hata hivyo ninasikitika kila ninapoona jambo ambalo bodi, mfadhili, wazazi na wasichana wenyewe wangeweza kulijadili kwa kikao kirefu cha Jumamosi likigeuka majalada ya miaka mitano.

Kwa nini basi wakuu wa shule hawafanyi haya, ilhali mengi yake hayahitaji fedha? Sababu kubwa ni hofu. Mkuu wa shule yetu anapimwa kwa matokeo ya KCSE na kwa utulivu unaoonekana. Matokeo yakishuka, Januari wanakijiji huja langoni na matawi wakitaka ahamishwe. Wanafunzi wakigoma, anasimamishwa kazi au anahamishwa kabla uchunguzi haujaisha. Na TSC ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha wakuu nje ya kaunti zao, wengi walijikuta mahali ambapo hawana mzee wa kumwendea jioni wakamwuliza watu hapa wanazungumzaje. Mtu aliye katika hali hiyo anaficha mgogoro ili asionekane ameshindwa. Anamwambia afisa wa elimu wa kaunti kwamba shule ni shwari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika shule zetu waliolipia siri hizo kwa maisha yao ni watoto.

Ndiyo maana nawaomba TSC na Wizara ya Elimu wabadilishe kipimo. Mkuu wa shule aandike mwishoni mwa kila muhula ni malalamiko gani yaliyoletwa kwake, yapi ameyajibu na kwa namna gani, yapi ameyakataa na kwa sababu gani, na nakala ya maandishi hayo ibandikwe ubaoni mahali wanafunzi na walimu wanaweza kuisoma. Afisa wa elimu akizuru shule aanze na karatasi hiyo kabla ya kuuliza wastani wa alama. Mkuu anayeripoti mgogoro mapema na kuomba msaada aongezewe msaada, asiandikiwe barua ya kujieleza. Barua hiyo aandikiwe yule ambaye karatasi yake, muhula baada ya muhula, inasema hakukuwa na lalamiko lolote katika shule yenye watoto 800.